Elimu kwa umma: Kinga ya maporomoko ya tope ikijaa haikingi tena

Tangu maafa ya Desemba 3, 2023 wilayani Hanang, Tanzania, mvua zikikaribia tunapokea barua za vijiji vilivyo chini ya milima. Karibu zote zinaomba kitu kimoja: kujengewa ukuta korongoni. Hofu hiyo tunaielewa. Siku ile sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka, tope likashuka na mawe na magogo hadi Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wapo waliosema mlima umelipuka, na hadi leo tunaulizwa. Haukulipuka. Wataalamu walikagua wakaeleza kwamba ni mwamba laini ulionyonya maji hadi ukazidiwa.

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi. Tope la namna hii si mafuriko ya kawaida yaliyochafuka. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, ila ya tope lenye mawe hukaribia tani mbili. Mawe makubwa hayazami nyuma, hutangulia mbele kama kichwa cha nyundo. Tena halishuki mara moja likaisha: huja kwa mawimbi, na la pili linaweza kulizidi la kwanza. Kwa hiyo ukuta wa tofali uliozuia maji ya mtaro wako miaka kumi hautalizuia tope hili hata kidogo. Utavunjika, na vipande vyake vitaongezeka katika mzigo unaoelekea kwa jirani.

Kinga za kweli zinafanya kazi kwa kuchuja na kupunguza nguvu. Wajapani, ambao kazi hii wanaiita sabo, yaani kuzuia mchanga, hujenga kuta nzito zenye nafasi katikati: siku za kawaida maji na mchanga hupita, siku ya tope mawe na magogo hukwama. Uswisi wametumia nyavu za pete za chuma zinazofungwa kutoka ukingo hadi ukingo wa korongo. Katika korongo la Illgraben, mwaka 2006 wavu mmoja wa majaribio ulinasa takriban mita za ujazo 1,000 za tope na mawe. Maji yakishachujwa na wavu, tope hukosa ulainisho na kusimama. Chini ya wavu huachwa uwazi makusudi ili kijito kipite. Tafadhali msiuzibe kwa matawi mkidhani fundi amesahau.

Kwa mazingira yetu, kinga inayowezekana mara nyingi ni gabioni, zile kreti za waya zilizojazwa mawe, zikipangwa kama ngazi kwenye korongo. Kazi yake kubwa ni kupunguza mteremko na kuzuia sakafu na kingo za korongo zisichimbike, kwa sababu tope hunenepa njiani kwa kula korongo lenyewe. Gabioni haiwezi kusimamisha jiwe la ukubwa wa gari, na atakayewaambia inaweza anawadanganya. Na ikifa, mara nyingi haifi katikati. Maji huzunguka pembeni pasipochimbiwa vya kutosha ndani ya ukingo, au huchimba mguu wake kwa chini. Fundi akiwajengea gabioni iliyoishia juu juu kwenye udongo wa ukingo, mrudisheni kazini.

Sasa utaratibu, kwa kuwa hapa ndipo maombi mengi hukwama. Kijiji kikae mkutano mkuu, kiandike muhtasari wenye mahudhurio na saini, kiupeleke kwa mtendaji wa kata, kisha halmashauri, ambako mhandisi atakagua eneo. Kuweka kizuizi kinachozuia au kugeuza maji kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Korongo likikatisha barabara ya wilaya, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, washirikishwe. Likikatisha barabara kuu au ya mkoa, washirikishwe TANROADS, wakala wa barabara hizo. Barua bila muhtasari itarudishwa. Muhtasari bila saini utarudishwa pia. Hatufanyi hivyo kuwasumbua: kizuizi kilichowekwa vibaya hugeuka bwawa. Wakenya waliyaona Mai Mahiu Aprili 29, 2024, pale njia ya maji chini ya tuta la reli ilipoziba, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha tuta likapasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40.

Kuna mambo mawili yanayotuvunja moyo. La kwanza ni watu kuchukua mawe na waya wa gabioni kwa ajili ya msingi wa nyumba na banda la kuku. Kuharibu miundombinu kwa makusudi ni kosa la jinai, na kuchimba mawe au mchanga korongoni kwa biashara bila leseni ni kosa jingine chini ya Sheria ya Madini. Adhabu ni faini, kifungo, au vyote pamoja. La pili ni kiwanja. Kinga ikikamilika tu, bei ya viwanja chini yake hupanda, kana kwamba mlima umesaini mkataba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na gabioni haikuipunguza hata mita moja. Ndugu zetu, tumeshalisema hili mara nyingi.

Kinga ikishajaa, haipo. Huko Montecito, Marekani, Januari 2018, kulikuwa na mabwawa ya kunasia mawe juu ya mji. Yalijaa, tope likapita juu yake, na watu 23 wakafa. Kwa hiyo katika bajeti ya kinga iwemo gharama ya kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, na lori la kuzoa mashapo (mchanga, tope na mawe yaliyotuama) kila baada ya mvua kubwa, na iwemo njia ya kijiko kufika. Tumeona maombi mazuri sana yasiyo na hata mstari mmoja wa usafishaji.

Kabla ya mvua, kamati ya maafa ya kijiji ipande korongoni na kijana mwenye simu. Wapige picha kila kizuizi kwa mbele na pembeni, waandike tarehe na kimo cha mashapo yaliyojaa, nakala moja ibaki kwa mtendaji na nyingine iende kwa mhandisi wa wilaya. Mvua ikinyesha mlimani na kijito kikapungua ghafla, au mkasikia ardhi ikinguruma, msiende kuangalia kinga kama imeshika. Tokeni korongoni, mpande pembeni penye mwinuko, na msirudi hadi mtakaporuhusiwa, hata kama wimbi la kwanza limeshapita.