Ushuru wa mzigo ambao haukutumwa

Kila inaposikika habari ya mtu aliyetapeliwa na mchumba wa mtandaoni, maoni ni yale yale: tamaa imemponza. Sikubaliani kabisa. Ukizisoma meseji hizo tangu ya kwanza, wiki nzima nzima zinapita bila yeyote kutaja pesa. Na siku pesa inapotajwa, anayeombwa haambiwi atapata kitu. Anaambiwa aokoe kitu ambacho moyoni mwake ni chake tayari. Ndiyo maana wahasibu, wauguzi na walimu wanatoa akiba yao.

Chukua mtindo uliozoeleka sana huku kwetu, wa mzigo.

Unaanza na ombi la urafiki Facebook. Picha ni ya mwanajeshi wa Marekani, daktari aliyeko Yemen au injinia wa visima vya mafuta baharini. Kazi hizo hazikuchaguliwa ovyo: zote zinaeleza kwa nini hapigi simu ya video na kwa nini hawezi kugusa akaunti yake ya benki. Picha zenyewe mara nyingi zimeibwa kwa mtu asiye na habari. Baada ya siku mbili tatu anaomba mhamie WhatsApp, ili akaunti yake ya bandia ikifungwa asikupoteze.

Kisha yanaanza yale ambayo kwangu ndiyo mtaji wenyewe. "Umeamkaje mpenzi" saa kumi na mbili asubuhi, "umeshakula?" mchana, sala usiku. Anakumbuka jina la mwanao, anauliza majibu ya vipimo vya mama. Kwa mjane ambaye simu yake hulia tu ndugu wanapotaka ada, huo si upuuzi. Ni mtu anayemuuliza hali. Mara nyingi upande wa pili si mtu mmoja, ni kundi linalopokezana, na linaweka kumbukumbu: mshahara unaingia lini, una deni gani, ni nani unayemsikiliza. Huyo wa mwisho lazima atengwe mapema: "Dada yako hatutakii mema, tusimwambie mpaka nifike."

Ndipo inakuja picha ya boksi. Simu, kompyuta, cheni, viatu vya saizi uliyoitaja bila kufikiria, na bahasha ya dola. Kuna namba ya kufuatilia. Ukiiingiza kwenye tovuti uliyopewa unauona mzigo ukitoka London, unapita Dubai, unatua Dar es Salaam. Tovuti hiyo ni yao. Kesho yake anapiga mwanamke mwenye Kiswahili safi: "Habari dada, napiga kutoka uwanja wa ndege, una mzigo wako hapa, unadaiwa ushuru." Tuseme shilingi 680,000. Ukishalipa, jioni anarudi: mashine imeona dola ndani, inatakiwa hati ya kuonyesha si fedha haramu, 2,500,000, la sivyo jina lako linakwenda polisi.

Malipo haya ya pili ndiyo moyo wa utapeli wote. Ya kwanza yalikuwa madogo ili ulipe tu. Sasa umeshaweka 680,000, mchumba analia kwamba ndani ya boksi mna akiba yake yote, na unatishiwa kesi. Kukataa ni kukiri kwamba hata zile "umeshakula?" zilikuwa uongo. Basi mtu anakopa kwenye simu, anachukua za kikoba, analipa ili za kwanza zisipotee.

Mtego huo hauna mipaka. Januari 2025 ilitangazwa Ufaransa habari ya mwanamke aliyepoteza yuro 830,000 kwa mtu aliyejifanya Brad Pitt. Alianza kwa kutozwa ushuru wa zawadi, kisha akaombwa gharama za matibabu ya figo, akionyeshwa picha za hospitalini zilizotengenezwa kwa akili bandia. Marekani, kwa mwaka 2022 peke yake, karibu watu 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi, hasara ikifika dola bilioni 1.3.

Kuhakiki kunawezekana, na hakuchukui hata nusu saa. Ushuru Tanzania hulipwa kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Kenya, malipo ya serikali hupitia Paybill 222222. Ukipewa namba ya simu ya mtu, au jina la mtu binafsi likatokea kabla hujaweka namba ya siri, acha hapo hapo. Picha za mchumba zipitishe Google Lens na TinEye, zinazotafuta picha ilikowahi kuonekana mtandaoni, ukikata kwanza maandishi ya pembeni. Zisipopatikana si ushahidi kwamba ni mkweli, kwa sababu siku hizi sura inaweza kutengenezwa upya. Kwenye simu ya video mwambie ageuze kichwa mpaka sikio lionekane, kisha apitishe mkono mbele ya uso. Sura ikitetereka umemkamata. Isipotetereka bado hujathibitisha lolote.

Kama pesa imeshatoka, dakika ndizo zinazohesabika. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kabla mpokeaji hajaitoa. Kwa M-Pesa ya Kenya, tuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Tanzania, meseji ya utapeli ipeleke 15040, kisha chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha, na usimwambie tapeli kwamba umeshtuka. Wiki chache baadaye anaweza kupiga "wakili" au "ofisa wa upelelezi" anayeahidi kurudisha pesa kwa ada ndogo. Ni wale wale, namba yako wanayo.

Na wewe unayemwona mama au shangazi akiingia humo, usianze na "unatapeliwa". Ameshaandaliwa jibu la neno hilo. Kaa naye, mwambie: "Mama, hebu nioneshe risiti ya huo ushuru," halafu msome pamoja jina la aliyepokea.