Kula Bila Njaa: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba mtu hula kwa sababu tumbo lake ni tupu, na kwamba anayekula akiwa ameshiba ni mlafi. Mwaka 1998 Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walieleza habari za wagonjwa wawili waliopoteza uwezo wa kukumbuka mambo yaliyotoka kutokea. Walipoletewa mlo wa pili kati ya dakika 10 na 30 baada ya kumaliza wa kwanza, waliula, na kwa kawaida wakauanza hata wa tatu. Chakula kilikuwa tumboni. Walichokikosa ni kumbukumbu ya kukila. Basi hata kuacha kula kwetu hutegemea kukumbuka kwamba tumekwisha kula.

Dhana ya pili ni kwamba njaa ya saa saba mchana huonyesha kuwa mwili umeishiwa nguvu. Homoni ya kuchochea njaa iitwayo ghrelini, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, huelekea kupanda saa ile mtu aliyozoea kula, kisha hushuka hata asipokula. Aliyewahi kufunga Ramadhani anaijua hali hiyo bila kufundishwa: siku za mwanzo njaa humbana wakati wa chakula cha mchana, na wakati huo ukipita hupungua yenyewe.

Husemwa pia kwamba aliyeshiba hawezi kutamani kitu. Mbona basi aliyeisukuma sahani ya pilau, akiapa kwamba hawezi hata punje moja, hupata nafasi ya kaimati? Alichochoka nacho ni ladha ya pilau, na kaimati ni ladha nyingine.

Kuhusu huzuni na msongo wa mawazo, si kweli kwamba kila mtu hula zaidi. Wapo ambao chakula huwakataa kabisa.

Lakini sababu inayosahauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni watu. Watu hula zaidi wakiwa na ndugu na marafiki kuliko wakiwa peke yao. Mgeni anayeingia nyumbani akakuta sinia katikati ya mkeka, akasema ameshakula, huambiwa, “Karibu, onja japo tonge moja.” Naye hunawa mikono, akaketi, akala, na aghalabu tonge huwa tano.