Maua ya Mdodoki Yakipukutika, Usiung'oe

Masika yakielekea ukingoni, swali linalotufikia sana sisi maofisa ugani kutoka kwa wenye bustani za nyumbani hapa pwani ni hili: mdodoki umejaa maua ya manjano, lakini yote yanapukutika, nipige dawa gani? Hakuna dawa ya kupiga. Anayepiga dawa ya wadudu wakati huo huua nyuki, nao ndio anaowahitaji.

Mdodoki, kama ndugu zake boga, tango na mumunye, hutoa maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Maua dume hutangulia, hutoka kwa vishada, na kazi yake ikiisha hudondoka. Ndiyo hayo unayoyafagia kila siku. Ua jike huja baadaye, na ukiliinua utaona chini yake kidodoki chembamba cha kijani kimeshajiumba. Hicho kinangoja chavua, yaani unga wa manjano wa ua dume. Kisipoipata hugeuka njano, husinyaa na kuanguka.

Kama nyuki ni wachache mtaani kwenu, ifanye kazi hiyo kwa mkono. Dodoki la kusugulia mwili hufungua maua alfajiri. Chuma ua dume lililochanua asubuhi hiyo, libandue petali, kisha paka ule unga wa manjano taratibu katikati ya ua jike. Usingoje mchana, maana ua huwa limeshanywea. Dodoki lenye mbavu, lile la mboga, lina saa zake: hufunguka jioni, sawa na mumunye na maua yake meupe. Wengi hukosea hapo, wakapaka asubuhi maua ambayo muda wake umeshapita.

Kuhusu kupanda, jambo ninalolisisitiza ni chanja, yaani jukwaa la nguzo la kutambalia mmea, nalo lisimame kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mti huu hutambaa mita nyingi, na madodoki mabichi yaliyolowa mvua ni mazito. Nguzo dhaifu huanguka na kila kitu. Tumia mirunda au mianzi yenye urefu wa mita 2 juu ya ardhi, unganisha kwa waya au kamba ya katani. Dodoki linaloning'inia hunyooka; linalolala chini hupinda na kuoza. Mbegu ni ngumu, ziloweke usiku kucha, uzifukie kina cha sentimita 2 penye jua la kutosha, mche hadi mche mita 1. Samadi iwe imeiva vizuri. Mbolea ya kukuzia ikizidi, utavuna majani.

Adui mkubwa ni inzi wa matunda. Hutoboa dodoki changa na kutaga ndani, na siku chache baadaye unalikuta limepinda, lina funza. Livike mfuko wa karatasi mara tu linaposhika. Lililoshambuliwa usilitupe chini ya mti, kwa kuwa funza huingia udongoni na kutoka wakiwa inzi wapya. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uuache juani siku kadhaa.

Ukitaka mboga, chuma likiwa changa, kabla ndani yake hakujaota nyuzi. Onja kipande kidogo kabla ya kupika. Likiwa chungu, mwaga lote. Uchungu huo ni sumu, na moto hauuondoi.

La kuogea liache mtini hadi ganda ligeuke kahawia, liwe jepesi, na ukilitikisa mbegu zigonge. Lililopandwa mwezi Machi kwa kawaida hufikia hapo kati ya Julai na Septemba, na jua la wakati huo linasaidia kulikausha. Loweka kwenye beseni, ganda litabanduka lenyewe. Kung'uta mbegu, sugua utelezi wote uishe kwa maji na sabuni, kisha litundike penye upepo. Mbegu za mwakani zichague kwenye lile lililonyooka na lenye nyuzi zilizosongamana, uzianike kivulini.