Makamasi ya kijani si sababu ya kunywesha amoksilini

"Dokta, makamasi yamegeuka kijani, bakteria wameshaingia." Wiki hii huyu ni mama wa tatu kuniambia hivyo. Kwenye pochi ana chupa ya amoksilini ya duka la dawa, imeshakorogwa, imefika nusu. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu amekaa mapajani mwake anatafuna ndizi.

Rangi ile inatokana na chembechembe nyeupe za damu zikiwa kazini. Hutokea hata kwenye mafua ya virusi, na mafua ya watoto karibu yote ni ya virusi, ambavyo antibayotiki kama amoksilini haziviui. Mafua hukaa wiki moja hivi, kikohozi hata wiki mbili. Ukianza dawa siku ya nne, mtoto akachangamka siku ya saba, sifa inapewa chupa. Mafua yakirudi, mama hapiti tena kituoni.

Nimonia naitafuta kwenye pumzi. Nilimpandisha fulana, nikangoja atulie, nikahesabu dakika nzima: 34. Kwa umri wake tunahesabu kuwa anapumua haraka kuanzia 40. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Kifua hakibonyei akivuta hewa, ananyonya, anacheza. Nikamwambia mama aiache ile chupa, ampe vinywaji vya kutosha na asali kidogo, maana mwaka ameshapita (chini ya mwaka asali ni marufuku). Wenzangu, jamani, hesabuni dakika nzima, msikadirie kwa macho! Na wewe mzazi, ukiandikiwa antibayotiki ya kikohozi, uliza: "Umemhesabu pumzi?"

Najua jibu la wengi: "Bora apewe, asije akazidiwa." Hilo limepimwa hapa hapa Tanzania, kwenye vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Wahudumu walioongozwa hatua kwa hatua na programu ya kwenye kishikwambi (kompyuta ndogo ya mkononi) waliandika antibayotiki kwa watoto kama 23 katika kila 100. Kwingine, walikofanya kama kawaida, ilikuwa 70. Baada ya wiki moja, waliokosa kupona hawakuwa wengi zaidi upande wa kwanza.

Wengine huniambia: "Mwili wake umeizoea dawa." Hapana, wanaokuwa sugu ni bakteria, na wanaweza kuhamia kwa mdogo wake ambaye hajawahi kulamba hata kijiko.

Kuhara nako mnakimbilia flajili, antibayotiki nyingine. Kuhara kwa kawaida kunataka ORS (chumvichumvi za pakiti za kuchanganya na maji), na zinki siku 10 hadi 14. Choo kikiwa na damu, mlete tumwone.

Dawa ya maji iliyobaki baada ya kukorogwa, usimtunzie mgonjwa ajaye. Inaharibika.

Ila mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, na kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, mlete saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.