Hati ya shamba na mafuta yaliyo chini yake

Tangu mafuta yathibitishwe kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, wengi huko Hoima na Buliisa wameamini hivi: ardhi ni yangu, basi na mafuta yaliyo chini yake ni yangu. Imani hii ina msingi wake. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni ya wananchi, na Marekani, kwa mfano, mwenye shamba anaweza kweli kumiliki mafuta yaliyo chini yake.

Ila Katiba hiyohiyo, ibara ya 244, inaweka madini na petroli yote mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri, yawe ardhini au majini. Hati yako, iwe ya mailo (aina ya umiliki wa kudumu wa ardhi nchini Uganda) au ya umiliki huru, haifiki huko chini.

Unachodai kisheria ni fidia ya ardhi, mazao na nyumba. Ibara ya 26 inataka iwe ya haki na ilipwe kabla hujahamishwa. Hapo ndipo pa kukaza macho.

Mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni huitoa kwa mafuta inayochimba, ni hesabu nyingine. Sheria ya fedha za umma ya 2015 inaipa serikali kuu asilimia 94, na 6 zinakwenda kwa serikali za mitaa za eneo la mafuta. Mwenye shamba hatajwi. Wanaosema anatajwa huenda wanachanganya na sheria ya madini, ambayo humpa fungu.

Katiba inapatikana bure mtandaoni. Anza na ibara hizo tatu, na usomewe kwa lugha yako ikibidi.