Uvimbe wa titi unaokua mbio: usikubali ung'olewe kabla haujapimwa

Kuna uvimbe wa titi ambao hapa Bukavu tunauona mara chache, unaitwa filodi. Ni nadra kweli, haufiki hata 1 kwa 100 ya uvimbe wote wa matiti, na ukija unajificha nyuma ya kitu cha kawaida kabisa, fibroadenoma, kale kauvimbe kanakoteleza chini ya vidole ambako wasichana wengi wanako na mara nyingi hakana shida.

Kwa mkono vyote viwili vinafanana. Hata ekografi, ile picha ya ultrasound, mara nyingi inashindwa kuvitenganisha. Kinachonishtua mimi docta ninayepasua ni mbio na umri: mama wa miaka 40 na kitu, uvimbe ulikuwa sm 2, miezi michache tu umeshapita sm 8, ngozi imevutika inang'aa na mishipa inaonekana juu yake. Na hauumi, ndo maana wengi wanakaa nyumbani, wengine wanafikiri wamerogwa. Hapana mama, ugonjwa huu Mjerumani Johannes Müller aliueleza tangu 1838, jirani yako hahusiki.

Hapo sindano nyembamba haitoshi, ile inanyonya chembe chache tu, na filodi inatambulika kwa namna nyama yake ilivyopangwa. Natumia sindano nene inayokata vipande, ganzi kidogo kwenye ngozi, halafu kuna ule mlio wa "tak", huwa namsikilizisha mama kwanza kabla ya kuanza ili asishtuke. Vipande vinaingia kwenye formoli, dawa ya kuvihifadhi visioze, vinaenda anapati, labo inayoangalia nyama kwa darubini. Saa zingine jibu linarudi "filodi au fibroadenoma, toeni yote tuangalie", na familia zinakasirika eti labo haijui kazi. Labo inajua sana! Uvimbe mmoja unaweza kuwa mpole upande huu na mkali, yaani kansa, upande ule, na sindano imegusa upande mmoja tu.

Sasa kupasua, na hapa ndo roho inaniuma. Fibroadenoma unaweza kuifuata pembeni ikachomoka yenyewe, ila filodi ukiifanyia hivyo unaacha mizizi ndani na inarudi palepale. Nimempokea mama mwenye kovu ambalo halijakaa sana na uvimbe mwingine chini yake, nikamuuliza ule wa kwanza ulipimwa wapi, akasema "Docta, waliniambia ni kidude tu, wakatupa". Wakatupa! Jibu lote lilikuwa mle ndani.

Filodi inatolewa pamoja na nyama nzima inayoizunguka. Kama ni mpole, pembeni pakiwa safi inatosha, tunamfuatilia. Kama ni ya katikati, kati ya mpole na mkali, au mkali kabisa natafuta angalau sm 1 kila upande, na ikiwa kubwa kuliko titi lenyewe linavyoweza kuvumilia basi titi lote linatoka, na hilo tunazungumza na mama na mume wake kabla, siyo baada. Kabla kipande hakijaondoka mezani nakishonea nyuzi, fupi juu, ndefu upande wa kwapa, ili mtu wa anapati akikuta chembe zimefika ukingoni ajue ni ukingo upi nirudie. Akikikata katikati kinafanana na shu (kabichi) iliyopasuliwa, majani yamebanana na nyufa kati yake.

Kwapa siligusi, isipokuwa kuna kitu ninachokishika kwa mkono na sindano imethibitisha. Watu wanashangaa kwa sababu wamezoea kansa ya kawaida ya titi, lakini filodi mkali ikisafiri inapita kwenye damu na inapenda mapafu, kwa hiyo nataka picha ya kifua. Kumwondolea mama tezi za kwapa bure ni kumpa mkono wa kuvimba maisha yake yote, na anautaka huo mkono kwa jembe na kubeba mtoto. Vidonge vya homoni navyo havisaidii hapa.

Nyingi ni pole, mama anapona. Ila ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo kila miezi 6 naomba aje nipapase kovu na tufanye ekografi, hata kama hasikii kitu. Na karatasi ya anapati akae nayo yeye mwenyewe, akihamia Uvira au Goma aibebe, maana docta atakayemwona huko ataihitaji kuliko maelezo yangu ya simu.