Shamba la mpunga Java: yanayosemwa na yalivyo

Java ndicho kisiwa chenye watu wengi kuliko vyote duniani, na ugomvi mwingi wa vijijini mwake huhusu vipande vya ardhi ambavyo mtu wa Mbeya angeviita bustani. Zaidi ya nusu ya kaya za wakulima nchini Indonesia zina chini ya nusu hekta. Kijijini watu huhesabu kwa ubin, kama mita 14 za mraba, na kwa bau, yaani ubin 500, ambayo inakaribia hekta 0.7. Sheria mama ya ardhi ni Na. 5 ya 1960. Kijiji nacho kina taratibu zake, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyeshika upande mmoja akaupuuza wa pili.

"Jina langu liko kwenye karatasi ya kodi, basi shamba ni langu"

Hii ndiyo iliyowagharimu wengi kuliko zote. Kila mwaka wilaya hutoa SPPT, notisi ya kodi ya ardhi na majengo. Ofisi ya kijiji nayo ina daftari la Letter C, lililotokana na utaratibu wa kodi wa zamani, na dondoo lake lililo mikononi mwa wanakijiji huitwa girik au petok. Karatasi zote hizo zinaeleza nani alikuwa akidaiwa kodi, basi. Hati ya umiliki ni sertifikat inayotolewa na ofisi ya ardhi ya taifa, BPN.

Kanuni ya Serikali Na. 18 ya 2021 iliwapa wenye karatasi za zamani miaka mitano wasajili ardhi zao. Muda huo ulikomea 2 Februari 2026, na baada ya hapo girik ni dokezo tu la kusaidia usajili. Ukazuka uvumi kwamba asiyewahi atanyang'anywa ardhi. Si kweli. Anayeikalia bado anaweza kusajili, ila sasa uzito unaegemea zaidi tamko la ukaaji wake na mashahidi.

Kazi yenyewe ya kusajili inaanzia shambani. Unapiga vigingi vya zege au bomba la chuma kwenye kila kona, majirani wa pande zote wakiwa wamesimama hapo, na wao ndio wanaotia saini kukubali mpaka. Usitegemee kingo za udongo: kila msimu jembe la jirani hukwangua kidogo, na baada ya miaka ishirini mstari mzima wa miche umeshahama. Kisha ofisi ya kijiji inakupa nakala ya Letter C, barua ya historia ya ardhi na barua ya kutokuwepo mgogoro. Unaandika tamko la kulikalia shamba, mashahidi wanatia saini, na maombi yanapelekwa BPN. Wapimaji wakishapita, matokeo hubandikwa hadharani siku 30 kwa anayeomba peke yake, au siku 14 kwa mpango wa PTSL unaopima kijiji kizima kwa mkupuo tangu 2017. Mwenye pingamizi alisemee hapo, maana hati ikishatimiza miaka mitano na aliyeipata kwa nia njema analikalia shamba kweli, kuipinga ni shughuli pevu.

PTSL nayo watu huiita ya bure. Upimaji na hati hugharimiwa na serikali, lakini vigingi, stempu na maandalizi ya kijijini vinalipiwa na mwananchi. Uamuzi wa pamoja wa mawaziri watatu wa 2017 uliweka kikomo cha rupia 150,000 kwa Java na Bali. Ukidaiwa zaidi, uliza kanuni ya wilaya inayoruhusu hiyo nyongeza.

Kinachokwamisha zaidi ni jina la marehemu. Babu ndiye aliyeandikwa kwenye daftari, baba aligawa kwa mdomo, na wajukuu kumi na wawili wametawanyika mpaka Sumatra. Kabla ya lolote linatakiwa tamko la warithi lenye saini za wote. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyenunua kwa risiti na stempu ya meterai mbele ya mkuu wa kijiji: muuzaji akifa, mnunuzi anawatafuta warithi mmoja mmoja, na siku hizo bei ya ardhi imeshapanda. Mauzo yanayopokelewa BPN ni yale ya hati iliyoandikwa na PPAT, afisa wa hati za ardhi. Pale ambapo maafisa hao ni wachache, mkuu wa tarafa huteuliwa kukaimu kazi hiyo. Watu huikwepa hati ya PPAT kwa sababu ya kodi: muuzaji asilimia 2.5 ya bei, mnunuzi asilimia 5 ya kiasi kinachozidi kiwango kilichosamehewa.

"Mgeni anaweza kununua kwa jina la mwenyeji"

Hak milik, umiliki kamili, ni ya raia peke yake. Kifungu cha 26 cha sheria ya 1960 kinabatilisha uhamishaji wowote unaompa mgeni ardhi hiyo, wa wazi au wa kuzungukia. Ardhi inaangukia kwa dola na fedha iliyolipwa hairudi. Aliyeipata kwa urithi au kwa mali ya ndoa ana mwaka mmoja wa kuiachia. Hata raia aliyeolewa au kuoa mgeni hukwama kama mali zao zimechanganyika. Mpaka Oktoba 2016 mkataba wa kutenganisha mali ulikubalika ukiwa umefungwa kabla ya ndoa au siku ya ndoa. Mahakama ya Katiba ikaruhusu ufungwe hata wakiwa tayari ndani ya ndoa.

"Nimenunua jaruba, sasa najenga"

Taratibu. Sehemu nyingi zimetengwa kuwa ardhi ya chakula chini ya Sheria Na. 41 ya 2009, na mtu binafsi anayeigeuza matumizi anaweza kufungwa hadi miaka mitano na kutozwa faini ya hadi rupia bilioni moja. Angalia ramani ya matumizi ya ardhi ya wilaya kabla hujatoa malipo ya awali. Bei nafuu ya jaruba kando ya barabara mara nyingi ina sababu yake. Na kwa kanuni ya 1961, mwenye shamba anayeishi katika tarafa isiyopakana na ile lilipo shamba hatakiwi kulishika, ukiacha watumishi wa umma na wachache wengine. Watu wa Jakarta wenye majaruba vijijini wapo tele, lakini sheria haijafutwa.

"Bengkok ni mali ya mkuu wa kijiji"

Bengkok ni ardhi ya kijiji anayopewa mkuu wa kijiji na wasaidizi wake walime au wakodishe, badala ya mshahara au kuongezea. Haiuzwi, hairithiwi, na akitoka madarakani inakwenda kwa anayefuata. Mtego uko kwa mpangaji. Mtu analipa kodi ya miaka minne mbele kwa kiongozi ambaye amebakiza miwili, kiongozi mpya anaingia na kudai jaruba lenye mpunga mbichi. Uliza kwanza muhula unaisha lini: ulikuwa miaka sita, na tangu sheria ya 2024 ni minane. Mkataba ukatike baada ya mavuno, kabla ya tarehe hiyo.

"Nusu kwa nusu ni haki kwa wote"

Maro ni kugawana mazao nusu kwa nusu kati ya mwenye shamba na mlimaji. Haki yake inategemea nani ananunua mbegu na mbolea. Chukua nusu bau, hekta 0.35, kwa mavuno ya tani 5 kwa hekta: kilo 1,750 za mpunga mkavu. Wavunaji wanachukua bawon, yaani fungu lao la mavuno, tuseme moja ya nane, na zinabaki kama 1,530. Nusu yake ni 765, na mashineni zinatoka karibu kilo 480 za mchele. Mlimaji aliyebeba mwenyewe mbolea, dawa na ukodishaji wa trekta dogo hubaki na pungufu ya hapo kwa miezi minne ya kazi. Ndiyo maana wanaojua hesabu hutoa kwanza gharama kwenye rundo, kisha wakagawana kilichosalia. Katika mertelu mlimaji huchukua theluthi tu, na hapo inafaa mwenye shamba agharimie pembejeo. Sheria Na. 2 ya 1960 inataka mkataba wa maandishi mbele ya mkuu wa kijiji, usiopungua miaka mitatu kwa majaruba na mitano kwa ardhi kavu. Wanaoandika ni wachache mno, na kwa hiyo mlimaji anaweza kuondolewa msimu wowote.

"Shamba la rehani halirudi mpaka deni lote lilipwe"

Kwa desturi, anayekopesha hulima shamba la mkopaji mpaka fedha yake irudi yote, hata ikipita miaka thelathini, huku mavuno aliyokwisha kula yakiwa yamezidi deni mara kadhaa. Sheria Na. 56 ya 1960 ilikataa. Rehani ikifika miaka saba, shamba linarudishwa bila kulipwa chochote, ndani ya mwezi mmoja baada ya mazao yaliyopo kuvunwa. Kabla ya hapo kuna hesabu: toa miaka iliyopita kwenye 7.5, gawa kwa 7, zidisha kwa deni. Aliyekopa rupia milioni 14 akitaka shamba baada ya miaka mitatu anarudisha milioni 9. Wanaoithubutu ni wachache, kwa kuwa mkopeshaji huwa ni mjomba au jirani ambaye kesho utamhitaji. Hata hivyo kuitaja tu mezani hushusha madai.

"Wajava ni Waislamu, basi mirathi ni ile ile ya Kiislamu"

Wengi ni Waislamu kweli, na mgogoro wao wa mirathi husikilizwa na mahakama ya dini. Nyumbani mambo ni mchanganyiko. Kuna familia zinazofuata sepikul segendong, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, na kuna zinazogawa sawa kwa sawa. Mkusanyo wa Sheria za Kiislamu wa 1991 unaruhusu warithi kukubaliana mgao mwingine, mradi kila mmoja ameshajua fungu lake. Kabla ya kugawa hutengwa gono-gini, mali iliyochumwa ndani ya ndoa, na nusu yake ni ya mwenza aliyebaki. Wazazi wengi hugawa wakiwa hai, na nyumba humwendea aliyewauguza, mara nyingi kitinda mimba. Magharibi ya Sumatra, kwa Waminangkabau, ni Waislamu vilevile lakini ardhi ya ukoo hupita kwa akina mama na haiuzwi.

"Mwenye kiwanja ndiye mwenye nyumba"

Si lazima. Sheria ya Indonesia, kama desturi iliyoizaa, hutenganisha ardhi na kilicho juu yake. Yupo anayeitwa ngindung, aliyeruhusiwa kujenga katika kiwanja cha mwingine: nyumba ni yake, ardhi si yake, na akitakiwa kuondoka anaondoka na mbao zake. Nyumba za limasan na joglo zimeunganishwa kwa ndimi na matundu, hivyo hufunguka nguzo kwa nguzo, na zinauzwa hivyo kupelekwa mikoa mingine. Anayenunua kiwanja chenye nyumba ya mbao na aandike kwenye hati kwamba nyumba, kisima na minazi vimo. Kilichoachwa bila kutajwa, muuzaji anaweza kurudi na lori akakichukua.